Yeye Daktari, Mimi Daktari wa Watu

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Pale kijijini kila mtu angeweza kukutajia ukoo wake mpaka kwa babu wa babu, nami nilizisikia habari hizo nikashiba. Nitasema niliyoyaona mwenyewe. Nilimtazama mtu yule kwa miaka mingi, na nilimtazama vizuri, maana mtu mwenye wivu hasinzii.

Jina lake nalijua, lakini sikulisikia likiitwa ila kanisani, siku alipoombewa. Siku nyingine zote aliitwa Daktari. Alikuwa daktari wa ng'ombe, na hata huo udaktari wenyewe ulikuwa wa kukaribia tu, kwa sababu alisomea usaidizi wa mifugo, akaajiriwa na serikali, kisha serikali ilipopunguza watu mwanzoni mwa miaka ya tisini akarudi nyumbani na sanduku lake la bati na buti zake za mvua. Mimi nilifika huko karibu wakati huohuo, kijana wa kutoka upande wa ziwa, afisa wa kliniki mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, nikakabidhiwa dispensari ndogo juu ya mlima, upande wa Sotik, si mbali sana na Kaplong. Chini yetu yalikuwa mashamba ya chai ya wakulima wadogo, na katikati ya chai, vipande vya malisho vyenye ng'ombe wa maziwa.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama mzee. Aliingia, akatazama huku na huku, akaniuliza Daktari yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kwa huruma.

"Hapana," akasema. "Daktari."

Hawakuwa watu wabaya. Walipoona mambo yanachanganya walitafuta suluhisho la amani: yule abaki kuwa Daktari, na mimi niitwe daktari wa watu. Fikiria hilo. Aliyetibu ng'ombe hakuhitaji maelezo. Mimi niliyetibu binadamu ndiye niliyeongezewa neno, kana kwamba kutibu watu ni tawi dogo la kazi yake.

Nami nilitaka kitu kimoja tu katika mahali pale. Nilitaka mtu akiugua aje kwangu kwanza, na nikimwambia neno kuhusu dawa alishike. Haikuwa tamaa ya sifa peke yake, ingawa sifa nazo nilizitaka, sikatai. Dawa zilikuwa zimeanza kushindwa. Vidonge nilivyofundishwa chuoni kwamba vinakomesha tumbo la damu, nilivitoa na tumbo halikukoma. Vidonda vya wachumaji majani chai, vile vya vidoleni, nilivichoma sindano ya penisilini na vikaendelea kutoa usaha kama havikuambiwa kitu. Mtoto mmoja wa jirani yangu wa karibu kabisa alinifia mikononi kwa kuhara damu, baada ya dawa moja kukataa na ya pili kukataa. Kila nilipochunguza nilikuta mgonjwa ameshapita mahali kabla ya kuja kwangu. Amepita kwake.

Kwake palikuwa jikoni kwako. Hilo nilichelewa kulielewa. Mimi nilikuwa na benchi, meza na dirisha la dawa, watu wakapanga mstari kwenye baridi. Yeye aliitwa kwa ajili ya ndama, akaja polepole. Hakuwahi kukimbia hata ng'ombe alipokuwa anakata roho. Alimsalimia ng'ombe kabla ya mwenyewe, akimpapasa shingo na kumwita kwa jina, maana alijua majina ya ng'ombe wote wa mlima ule, na ukijua jina la ng'ombe wa mtu umemaliza kumjua mtu. Akamaliza zizini, akanawa, akaingizwa jikoni, akapewa chai. Akanywa ya rangi, bila maziwa. Daktari wa ng'ombe asiyeonja maziwa, katika nchi ambayo mursik, maziwa ya kugandisha kibuyuni, hupewa mgeni wa heshima na mwanariadha anaporudi na ushindi. Walimsamehe hata hilo. Mimi nilikataa mursik mara moja tu, kwa sababu ya tumbo, na nikasikia habari yake kwa mwaka mzima.

Akiwa amekaa pale na kikombe chake, mama wa nyumba angesema, Daktari, huyu mtoto amekohoa tangu Jumapili. Naye angefungua lile sanduku la bati. Kilichobaki katika chupa ya ng'ombe, ile ya penisilini na streptomaisini zilizochanganywa, angekivuta kidogo kwa sindano aliyoichemsha kwenye sufuria ya mama huyohuyo, akamchoma mtoto. Kidogo tu, alisema, kwa sababu mtoto si fahali. Kesho akipita na kukuta mtoto anacheza, hakurudia. Kwa nini umchome mtoto anayecheza?

Nilimwambia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipokosea. Dozi ndogo, siku moja, halafu basi: vijidudu dhaifu vinakufa, vile vyenye nguvu vinabaki vimeijua dawa, vinazaana, na siku ya pili vikikutana nayo vinaisalimia. Nilimweleza hivyo kwenye kituo cha kuuzia majani chai, mbele ya watu, nikitumia maneno yangu yote ya chuo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini nilikwenda nyumbani nimevimba.

Alikuwa na misemo yake, na watu waliirudia kama mafungu ya Biblia. Ng'ombe haina mdomo ya kudanganya wewe, alisema, kwa hivyo angalia macho. Alisema ugonjwa ni mgeni, na mgeni huulizwa ametoka wapi kabla ya kufukuzwa. Maneno mazuri. Nami niliyasikia nikajiuliza, kama ugonjwa huulizwa, mbona wewe huulizi, unachoma tu? Lakini huwezi kubishana na msemo. Mimi nilikuwa na mabango ukutani, yamechapishwa Nairobi, yakisema maliza dozi yako. Hakuna aliyewahi kuyarudia mabango yangu jikoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nilijitembeza sana: makanisani, shuleni, kwenye mikutano ya chifu, nikiuza maneno ambayo hakuna aliyeyanunua.

Halafu kulikuwa na jambo la kugawana, ambalo mpaka leo likinijia sijui nicheke au nilie. Nampa mama vidonge vya rangi mbili vya mtoto mmoja, vya juma zima. Anafika nyumbani. Ana watoto sita. Unampaje mmoja kitu kizuri kutoka kwa daktari na wengine wanatazama? Anawagawia. Kila mtoto kimoja, mkubwa viwili, na kinachobaki anakifungua, anamwaga unga wake juu ya kidonda cha bibi. Kesho yake ananisalimia kwa furaha, anasema dawa imetosha wote. Katika nyumba zile, kunyima lilikuwa kosa kubwa kuliko kuugua. Mimi niliwagombeza. Yeye, walipomweleza, aliwaambia wamefanya kama watu. Halafu ndipo akaongeza, kwa sauti ileile, kwamba dawa si ugali. Sehemu ya kwanza waliishika, ya pili ikapita na upepo.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mzee wa kanisa, na zizini alitukana kwa Kipsigis matusi ambayo nilifundishwa maana yake na watoto wa shule. Alikuwa na kiburi cha kimyakimya. Hakuwahi kukubali mbele ya mwenye ng'ombe kwamba hajui. Na mtu huyu, aliyechoma nusu ya mlima, aliogopa sindano. Alijikata na waya wa zizi akaja kwangu kwa chanjo ya pepopunda, kwa sababu hiyo hakuwa nayo kwenye sanduku lake. Alifumba macho, akashika ukingo wa meza yangu, jasho likamtoka usoni katika baridi ile. Nilifurahi siku hiyo, nasema kweli. Niliichoma taratibu kuliko ilivyohitajika.

Lakini furaha yangu ilikuwa fupi, kwa sababu ya sikio la binti yangu.

Nilikuwa nimeitwa semina Kericho, na mtoto akatoa usaha sikioni. Mke wangu, aliyelala na daktari wa watu kitanda kimoja, alimfunga mtoto mgongoni akateremka mpaka kwa Daktari. Niliporudi nilikuta sikio limekauka na mtoto anaimba. Nilipiga kelele. Nikamuuliza kama amesahau kwamba nyumba hii ina kabati la dawa, na mumewe ana cheti. Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Baba Atieno, yeye alimwangalia mtoto," akasema. "Wewe huwa unaangalia sikio."

Usaha ulirudi kabla ya mwezi kwisha. Safari hii ampisilini haikuugusa, na ilibidi tumpeleke mtoto hospitali ya misheni apate dawa nyingine, na tukalala naye huko. Ungefikiri hapo nilikuwa nimeshinda. Njiani kurudi tulikutana na Daktari kwenye baiskeli yake, akashuka, akamchukua mtoto, akamuuliza ng'ombe hulia vipi. Mtoto akacheka mpaka akakohoa. Mke wangu akacheka pia. Mimi nilishika mfuko wa nguo.

Nafasi yangu ilikuja na mtafiti. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Nairobi, mwenye miwani minene na sauti ya chini, aliyekuwa akichunguza swali lilelile lililoninyima usingizi: kwa nini dawa zinashindwa, na je, vijidudu sugu vinatoka hospitalini au viko tayari majumbani? Alichukua usaha na vinyesi kwa wagonjwa waliolazwa hospitalini, na sasa alitaka sampuli za watu ambao hawajawahi kulazwa popote, pamoja na za ndama wao na maziwa yao. Alihitaji mtu wa mahali. Wakubwa wakanitaja mimi. Nilinunua viatu vipya. Nilijiona nikipita mlima mzima na mgeni wa Nairobi, watu wakitazama na kusema, kumbe.

Nyumba ya kwanza walitukaribisha, wakatupa chai, wakakataa. Nyumba ya pili vilevile. Nani atampa mgeni kinyesi cha mtoto wake akaende nacho asikokujua? Kitu cha mtu kikiwa mikononi mwa mwingine, lolote linaweza kufanywa juu yake. Niliwaeleza kwamba ni sayansi. Mzee mmoja akaniambia kwa adabu kwamba hao wanaologa watu nao huwa wanasema ni dawa tu. Tulirudi na vichupa vitupu, na yule mtafiti hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kesho yake nilimkuta amesimama kando ya barabara anazungumza na Daktari. Sijui nani alimwelekeza. Daktari aliuliza maswali machache, vinaenda wapi, vinafanywa nini, vinatupwa vipi, akauliza tena hilo la mwisho. Kisha akasema atakuja. Tukaingia nyumba ya kwanza naye mbele. Alimsalimia ng'ombe. Akakaa jikoni. Akasema kwamba huyu mama anatafuta mgeni aliyejificha tumboni mwa watu na tumboni mwa ng'ombe, na kwamba yeye mwenyewe ameshampa kinyesi chake asubuhi ile. Hiyo ilikuwa kweli. Vichupa vilijaa kabla ya chakula cha mchana, na nyumba mbili tulizoziruka zilituma watu kuuliza wamekosa nini.

Ndipo likatokea la mursik. Mama mmoja, akimimina maziwa kwenye kichupa chetu, alisema bila kuulizwa kwamba haya ni ya ng'ombe aliyechomwa juzi, huwa hayatii kwenye sotet, kile kibuyu cha maziwa ya kugandisha, kwa sababu yanakataa. Yanakaa humo siku zote na hayachachi. Mtafiti akaweka kalamu chini. Akauliza huyafanyia nini. Mama akasema huyatia kwenye chai ya watoto, yasipotee.

Basi ikawa hivyo: dawa ilikuwa inapita kwenye kiwele cha ng'ombe mpaka kikombeni, ikiua vile vijidudu vyema vinavyochachisha maziwa, na watoto wakiinywa kidogokidogo kila asubuhi. Mtafiti alimgeukia Daktari. Naye akasema kwa utulivu kwamba amewaambia siku zote wayamwage maziwa hayo. Mama akakubali, amewaambia, lakini nani anamwaga maziwa? Mimi niliketi pale na viatu vyangu vipya. Nilikuwa nimekunywa chai ya nyumba ile mara ngapi, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari hiyo.

Kwa majuma mawili mtafiti alizunguka naye. Mimi nilibeba boksi la barafu. Jioni aliniambia, akiwa na nia njema kabisa, kwamba nina bahati ya kufanya kazi na mtu kama yule. Nikamjibu ndiyo. Nilitamani boksi lile limdondokee mtu mguuni, na sikujali sana awe nani.

Majibu yalipokuja hayakumpendeza mtu. Vijidudu vya majumbani, vya watu ambao hawajui hata lango la hospitali lilivyo, vilikuwa sugu kwa dawa zilezile zilizoshindwa wodini. Mtafiti alikuja mwenyewe kueleza, kanisani baada ya ibada, na alisema bila kumlaumu mtu. Alisema hospitali zinavitoa na nyumba zinavitoa, na vinatembeleana. Watu walisikiliza, wakapiga makofi. Kisha wakamwendea Daktari kumuuliza amesema nini. Yeye alitazama chini. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona hana msemo. Kwa muda alipunguza kuchoma watu, nasikia. Lakini ukiwa umekaa jikoni mwa mtu, na mtoto anakohoa, na sanduku liko miguuni pako, na mama anakutazama, kukataa ni kazi ngumu. Mimi nilikuwa na bahati kwamba hakuna aliyenitazama hivyo.

Mkono wake uliharibika kwa kazi yake. Ng'ombe mmoja upande wa Chepilat alizaa, kondo la nyuma likakwama likaoza ndani, naye akaingiza mkono wa kulia kulitoa, na kwenye kidole alikuwa na mkwaruzo ambao hakuujali. Kidole kikavimba. Akajichoma mwenyewe, amefumba macho bila shaka, ile dawa ya chupa. Kidogo. Uvimbe ukapanda. Akabadilisha dawa, akameza vidonge vya rangi mbili, akarudi kwenye ya kwanza. Hakuja kwangu. Watu walikuja kuniambia, kwa hofu, kwamba Daktari ana homa na mkono umekuwa mweusi, na nilipofika nyumbani kwake nilisikia harufu kabla ya kufika mlangoni. Nilimpandisha kwenye pikapu ya maziwa mpaka hospitali.

Huko walipanda usaha wake kwenye kisahani cha maabara, wakaweka juu yake vile viduara vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kila kimoja dawa yake. Dawa ikifanya kazi, vijidudu hufa kukizunguka na kuacha pete safi. Msimamizi wa maabara alinijua, akaniita nitazame. Kisahani kizima kilikuwa kimeota kama ukungu juu ya ugali wa juzi, mpaka ukingoni mwa kila karatasi. Penisilini, streptomaisini, tetrasaiklini, ampisilini, zote hakuna pete. Kwenye dawa moja ya mwisho palikuwa na pete nyembamba, na dawa hiyo hospitali haikuwa nayo, na mkono haukuwa na muda wa kuisubiri.

Daktari wa upasuaji alitaka kuukata juu kidogo ya kifundo cha mkono. Mzee akakataa. Wakubwa wa kanisa walikuja, watoto wake walikuja, mke wake alilia, akakataa. Korido ilijaa watu, wengine wamebeba maziwa, wote wakimngojea mtu mmoja, na katika miaka yangu yote hakuna aliyeningojea mimi kwenye korido. Niliingia nikiwa na hayo moyoni, siyafichi. Nilikuwa nimesema tangu mwanzo. Nilikuwa sahihi, na nilikuja na usahihi wangu kama mtu aliyekuja na fimbo.

Aliniomba nimweleze kisahani kile. Nikamweleza, dawa moja baada ya nyingine, na kila niliyoitaja aliitikia, kama mtu anayesomewa majina ya watu anaowajua.

"Hiyo yote nimetumia," akasema. "Kwa ng'ombe ya watu, na kwa watu."

"Nilikuwa nakwambia, mzee."

"Ulisema. Miaka mingi ulisema. Wewe mtu ya ziwa unasema ukweli, lakini unasema kama mtu anafukuza kuku kwa shamba. Kuku inakimbia, inarudi jioni."

Akanitazama kwa yale macho aliyozoea kuwatazamia ng'ombe, akauliza kama ungekuwa mkono wangu ningefanyaje. Nikamwambia ningeukata leo, si kesho. Akaita mke wake, akasema wakate. Hakumuuliza mtu mwingine. Nilitoka nje nikapita katikati ya watu wale wote, na kwa kitambo kidogo nilidhani ule wivu umekwisha, kwa sababu mwisho wa yote alikuja kwangu. Lakini waliokuwa koridoni waliniuliza tu kama Daktari amekula.

Nilimwona tena vizuri msimu wa baridi uliofuata, mwezi wa saba, wakati ukungu wa chai haunyanyuki mpaka saa nne na kila mtu ana mafua. Benchi langu lilikuwa limejaa. Waliokosa nafasi walisimama ukutani, wakikohoa, kila mmoja amekuja kutafuta vidonge vya rangi mbili au sindano, na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kusema maneno yangu ya kila mwaka, kwamba mafua hayasikii dawa hizo, na wao kuninunia, na jioni kwenda kuzinunua dukani.

Alikuja kwa miguu, mkono wa koti umekunjwa na kufungwa kwa pini. Watu walisimama wote kumpisha. Akakataa, akaketi mwisho wa benchi, akangoja zamu yake. Nilisikia wakimsalimia kwa zamu, mpaka sauti yangu ndani haikusikika.

Alipoingia nilimpima kama ninavyompima yeyote. Nikatazama koo, nikasikiliza kifua mbele na nyuma. Kifua kilikuwa safi. Nikamwambia ni mafua, aende nyumbani, anywe vitu vya moto, apumzike.

"Hata sindano moja?" akauliza.

"Hata moja, mzee."

"Na ile kapsuli?"

"Hapana."

Nilijua anachofikiria, au nilidhani najua: ametembea mlima mzima kwenye baridi, apewe maneno. Kisha akainuka, akanipa mkono wa kushoto, akatoka. Alisimama mlangoni mbele ya watu wote. Alisema kwa Kipsigis, lakini miaka ile nilikuwa nimeshajifunza vya kutosha. Alisema daktari wa watu amemwangalia vizuri na amemkatalia dawa, kwa sababu ugonjwa wake hauihitaji, na dawa ukiipa kazi isiyo yake itakukimbia siku ya kazi yake. Akainua kidogo ule mkono wa koti uliofungwa. Akasema yeye anakwenda kunywa chai.

Hakuna aliyebisha. Yule wa mwisho wa ukuta alifunga koti lake la mvua akaondoka. Akafuata mwingine. Wakainuka wawili wawili, wakikohoa, wakiagana nami kwa adabu kana kwamba nimewahudumia, na wakateremka nyuma yake kwenye njia ya katikati ya chai. Nusu ya benchi ilibaki tupu. Hicho ndicho nilichokuwa nimekililia miaka yote, kwa mabango na mikutano na sauti kukauka, na yeye alikifanya amesimama mlangoni pangu, kabla chai haijapoa jikoni kwake.

Mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto kifuani naye akainuka aondoke. Mtoto alikuwa anapumua haraka, mbavu zikiingia ndani. Nikamwambia akae, mtoto huyu si wa mafua, huyu anahitaji dawa, na zote azimalize. Hakukaa. Aligeuka akamtafuta Daktari kwa macho, akamwita. Mzee akasimama kwenye njia, akarudi hatua chache, akamtazama mtoto kwa mbali, akaniangalia mimi, kisha akamwashiria mama kwa kichwa kwamba anisikilize.

Hapo ndipo mama akaingia. Nilimpokea mtoto kwa mikono yangu yote miwili, nikimwonea wivu mtu mwenye mkono mmoja.